Matanga ya Kajri

Phagu Dhurve, mpishi wa nyumba ya wageni ya idara ya misitu, alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kamera, miguu yake inaenda yenyewe. Waziri akija kukagua hifadhi, Phagu yumo kwenye picha, ameshika sinia la chai. Watoto wa shule wakipanda miti, yumo, amekumbatia mche ambao shimo lake alichimba mtu mwingine. Mkewe, Sombati, alimwambia mara nyingi kwamba kiherehere hicho kitamtokea puani, naye alikuwa akicheka tu. Kilimtokea siku aliyokufa Kajri.

Kajri alikuwa simbamarara jike, na kwa miaka mingi ndiye aliyeilisha hifadhi ile. Watu walitoka Mumbai, wakatoka Delhi, wakatoka ng'ambo kuja kumtazama akipiga miayo. Alizaa sana, hata wakubwa wa idara wakawa wanahutubia mikutanoni juu ya uzazi wake kwa majivuno, utadhani uchungu waliuona wao. Halafu meno yakamwisha, mgongo ukaingia ndani, na asubuhi moja akalala kando ya kijito asiamke tena. Sasa, sheria ya taifa inasema simbamarara akifa lazima achomwe mbele ya mashahidi, ngozi na kucha na mifupa, usibaki hata unywele wa sharubu, ili wezi wakose cha kuuza. Kuni zikapangwa, maua yakamwagwa juu ya mzoga, watu wa televisheni wakajaa.

Kasheshe ilianza pale kwenye kuwasha. Mkurugenzi wa hifadhi, Saheb Kulkarni, alishika kijinga cha moto, akakitazama, kisha akamsukumia Tiwari, mkuu wa askari wa misitu.

“Washa wewe. Mke wangu mjamzito. Mume wa mjamzito hasogelei moto wa maiti.”

Tiwari akaruka nyuma. “Saheb, mimi baba na mama wote wazima! Nikiwasha si nitakuwa nawachuria?”

Wote wakamgeukia Qureshi, daktari wa wanyama. Daktari alikwisha kuficha mikono mgongoni. “Mimi kwetu tunazika,” alisema. “Mkinipa jembe nitawasaidia.”

Kijinga kinawaka, kamera zinasubiri, na wenye vyeo wanakirushiana. Phagu alikuwa amesimama nyuma yao na birika la chai. Akaliweka chini.

Kama angewasha tu akarudi kwenye chai yake, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Phagu hakujua kufanya jambo nusu. Alivua viatu, akavua shati. Akabeba mtungi wa maji begani, akazizunguka kuni huku maji yakitiririka, akaubwaga mtungi ukapasuka, sawasawa na mwana anavyomfanyia mzazi wake. Akawasha upande wa kichwa. Kamera moja ilipomsogelea akapiga magoti kwenye vumbi, akapasua sauti: “Amma! Amma weee, umeniachia nani?”

Mwandishi mmoja wa kike alifuta machozi. Saheb Kulkarni, kwa jinsi alivyofurahi kuponyoka, akasema mbele ya vipaza sauti vyote: “Huyu ndiye mwana wa kweli wa Kajri. Idara nzima inajivunia.”

Phagu alirudi nyumbani jioni akiwa na majivu kifuani na furaha moyoni. Akakuta mlango umefungwa, na uani wameketi wanawake wa kijiji, wamejifunika vichwa, wanalia kwa zamu.

“Mama Imarti, nifungulie.”

“Usiguse mlango wangu!” Sombati alijibu kwa ndani. “Umetoka kwenye maiti.”

“Maiti ya nani? Si mnyama yule?”

“Mnyama, halafu unamwita mama mbele ya nchi nzima? Baba Imarti, mama mkwe mmoja alinitosha. Alinitesa kwa chumvi mpaka anaingia kaburini, mara imezidi, mara imepungua. Leo unaniletea wa pili, tena mwenye mkia!”

Wanawake wa uani waliacha kulia ili wasikie vizuri.

Hasira ya Sombati ilikuwa na sababu. Wiki ile ile binti yao wa pekee, Imarti, alikuwa aolewe. Manjano ya kumpaka yalikwisha kutwangwa, nguzo za kibanda cha harusi zilikwisha kukatwa. Mume alimchagua mwenyewe: Tularam, fundi umeme wa Nagpur, kijana mpole aliyevumilia miaka miwili kula kila alichopika Phagu na kusema ni kitamu. Tularam alikuwa kijijini kwao kwa likizo, na likizo ilikuwa inaisha.

Mkuu wa kijiji, ambaye kwetu huitwa Patel, alifika kutoa pole. Jina lake Ghasiya, mtu mnene anayependa taratibu kuliko wali.

“Pole kwa msiba, Phagu.”

“Patel, msiba gani jamani? Nilikuwa nasaidia kazi.”

“Aliyetoa moto ni mwana. Mwana ana msiba siku kumi. Nyumba yenye msiba haipaki mtu manjano. Hilo sikulitunga mimi.”

“Na baada ya siku kumi?”

“Baada ya hapo mvua zinaanza, miungu inalala miezi minne, na miungu ikilala hakuna ndoa. Wewe huyajui hayo?”

Phagu aliyajua. Akajua vilevile kwamba Jethu Marskole, baba yake Tularam, hakuwa mtu wa kusubiri. Na kweli, kabla taa hazijawashwa salamu zilikwisha kufika: Jethu anasema mwanawe hawezi kukaa anangoja simbamarara apoe, na mkewe amekwisha kumwona msichana mwingine kijiji cha tatu, mzuri, baba yake hana makuu.

Imarti alitoka nje, akasimama mbele ya baba yake. Hakuwa analia. Phagu angependelea alie.

“Baba, nikimkosa Tularam kwa ajili ya paka, mimi na wewe basi.”

“Si paka, mwanangu, ni...”

“Ni nani? Malizia. Bibi yangu?”

Phagu alilala kwenye banda la ng'ombe. Kwa mara ya kwanza tangu moto ule aliona aibu, na aibu ilimuuma.

Kulipokucha alikwenda ofisini kwa Saheb Kulkarni na ombi moja dogo: Saheb aseme hadharani kwamba Phagu si mtoto wa simbamarara.

“Umechelewa,” alisema Saheb. “Delhi wamenipigia simu mara mbili. Wanataka sura yako kwenye mabango ya taifa zima. Nikisema leo kwamba si mwanawe, jana nilikuwa nani? Mwongo?”

“Saheb, mama yangu aliitwa Budhiya. Hakuwa na milia.”

“Mimi najua. Lakini huyo hakuonekana kwenye televisheni.”

Phagu alitoka mle amechoka kabisa. Daktari Qureshi, aliyesikia yote barazani, akamvuta pembeni. “Kajri ana dume mkubwa, Gabru. Mtoto wake halisi. Yupo upande ule ule wa msitu. Kamwambie Patel wako.”

Phagu alikimbia. Patel Ghasiya alilisikiliza jambo lile huku amefumba macho, na uso wake ukachangamka, maana lilikuwa swali la taratibu ambalo hajawahi kuulizwa.

“Kama mwana mkubwa yupo, akaja penye majivu akaonyesha huzuni, msiba ni wake. Wewe utakuwa kibarua tu uliyewasha.”

“Huzuni ya namna gani, Patel?”

“Ya namna yoyote. Mfiwa anajulikana.”

Asubuhi iliyofuata wakapanda kwenye mnara wa askari, Patel, Phagu, Daktari na Tiwari, wakalikodolea macho lile doa jeusi la majivu chini yao. Jua lilipopanda sana, Gabru akatokea. Alikuja taratibu, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka, akayanusa majivu kwa muda mrefu.

“Ameinamisha kichwa!” Phagu alinong'ona. “Patel, umeona? Ameinamisha!”

“Nimeona. Tulia.”

Gabru akaketi.

“Amekaa matanga! Patel, mwenyewe unaona, amekaa!”

Akawa amekaa vile, masikio yakicheza, na Phagu akaanza kumpenda kama ndugu wa tumbo moja. Kisha Gabru akainuka, akayapa majivu kisogo, akainua mkia, akayakojolea. Akaukojolea na mti wa jirani. Akaparua ardhi kwa kucha, akaenda zake bila kugeuka.

“Ametia alama,” alieleza Daktari kwa huruma. “Anasema eneo la mama yake sasa ni lake.”

Patel alitikisa kichwa polepole. “Basi amesema yote. Urithi amechukua, matanga kamwachia mdogo wake.” Akatema mate chini ya mnara. “Hata kwangu ilikuwa hivyo hivyo! Kaka yangu alichukua shamba la mpunga, mimi nikaachiwa gharama za msiba. Mpaka leo akipita njiani anajifanya hanioni. Mshenzi mkubwa!”

Ikawa haijulikani kama anamtukana kaka yake au Gabru. Ila tangu dakika ile Patel, ambaye yaliyompata Phagu yalikwisha kumpata mwenyewe, akahamia upande wake. Walipokuwa wanashuka ngazi akamshika bega.

“Iko njia. Mdogo aliyeonewa, tena ana binti wa kuoza, anaweza kukatiwa msiba ukawa wa siku moja. Zamani ilikuwepo. Ananyolewa nywele, watu wanakula, yamekwisha. Lakini sharti lifanyike mlangoni kwa marehemu. Si kwako wewe. Kwake yeye. Marehemu alikuwa anakaa wapi?”

Daktari alitazama viatu vyake. Tiwari akajifanya anafunga darubini. Kila mtu alijua Kajri alikuwa anakaa wapi, kwa sababu ukutani kwa Saheb iko picha, na picha hiyo imechapwa mpaka kwenye vikombe vya chai: Kajri amejinyoosha kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa, watoto wake wamemlalia tumboni. Nyumba ile iko Bhursi, kijiji cha zamani, katikati kabisa ya msitu. Watu wa Bhursi walihamishwa wote ili simbamarara wapate kupumua, wakapewa viwanja kando ya barabara kuu, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kurudi hata kusafisha mawe ya wazee wake. Wakati huo Imarti alikuwa bado ananyonya.

“Kwangu,” alisema Phagu. “Mlango wake ni kwangu. Kizingiti hicho nilikichonga mimi.”

Safari hii Sombati hakukubali aende ofisini peke yake. Alijifunga ushungi, akaketi mbele ya meza ya Saheb Kulkarni bila kukaribishwa, akamwacha Patel aeleze. Saheb alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akaona hawacheki.

“Haiwezekani. Eneo la kati haruhusiwi mtu yeyote. Ni sheria.”

Nje ya dirisha gari la wazi lilipita likielekea langoni, limejaa watu wenye kofia pana na kamera.

“Na wale?” aliuliza Sombati.

“Wale si watu, ni watalii.”

Saheb mwenyewe alilisikia alilolisema, akaanza kupangapanga kalamu zake.

“Basi na sisi ni watalii,” alisema Sombati.

“Mama, elewa...”

“Mimi naelewa. Ila wale wa televisheni wameshamuuliza Baba Imarti atanyolewa wapi. Niwaambie nini, Saheb? Niwaambie mwana amefukuzwa mlangoni kwa mama yake? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema ni mwanawe. Sisi tulikuwa tumenyamaza.”

Saheb Kulkarni alimtazama mpishi wake, akamtazama Patel, akaona hana pa kutokea. Aliwaruhusu, kwa masharti ya watalii. Waingie kwa magari ya hifadhi. Wavae rangi ya majani au ya udongo, nyekundu na njano marufuku. Moto marufuku, ngoma marufuku, pombe marufuku, kupaza sauti marufuku. Kushuka garini ni Bhursi tu, mbele ya askari. Na jua likigusa miti wawe wametoka nje ya lango.

“Na kulia?” aliuliza Patel.

Tiwari, aliyekuwa anayaandika masharti, alifikiri. “Kulia ruksa. Kwa sauti ya chini.”

Basi kijiji kikaingia msituni kitalii. Vibibi waliazima mashati ya kijani ya askari, wakayavaa juu ya sari zao. Wazee walikaa wima kwenye viti vya magari yale ya wazi, wameshika vyuma kwa mikono miwili. Jethu Marskole naye alikuja, kwa sababu mkwe mtarajiwa lazima amfunge mfiwa kilemba, hata kama moyoni anatafuta mkwe mwingine. Alinuna njia nzima. Tularam alikaa nyuma yake, na Imarti alikuwa gari la mbele, amevaa sari ya kijani kama kila mtu, hageuki.

Bhursi hapakuwa na kijiji tena. Zilikuwa kuta fupi za udongo zilizoliwa na mvua, na nyasi, na paa wenye madoa waliokimbia magari yalipokaribia. Lakini watu waliposhuka hakuna aliyeuliza njia. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja mpaka mahali fulani nyasini, akasimama. Mjane mmoja akaanza kugombana na jirani yake juu ya ukuta wa zizi, ugomvi walioukatiza siku ya kuhama, sasa wakauendeleza walipouachia, kwa sauti ya chini. Patel alikwenda kwenye shamba la mpunga alilonyang'anywa, akaligeuzia mgongo. Sombati yeye alipita penye mlango wa nyumba yake isiyo na mlango, akalikuta jiko, mafiga matatu bado yapo. Akashika moja kwa kiganja. Halafu akavunja tawi, akaanza kufagia kizingiti, akitupa nje mifupa ya paa na mavi makavu ya Kajri.

“Mama mkwe mchafu!” alisema, akafagia tena palepale palipokwisha kuwa safi.

Phagu alinyolewa palepale kizingitini. Jethu akamfunga kilemba cha rangi ya udongo, harakaharaka, kama mtu anayefunga gunia. Watu wakala bisi za mchele na sukari guru, maana hakuna moto, wakanywa maji ya chupa. Wengine walilia kidogo, kama walivyoruhusiwa. Patel akasimama akatangaza kwamba matanga ya Kajri yameisha.

Jethu akajipangusa mikono. “Vizuri. Nimetimiza wajibu. Tularam anarudi Nagpur kesho, na baada ya mvua tutaona. Sitoi ahadi.”

Imarti alimtazama baba yake. Phagu alikuwa anakirudisha juu kilemba kilichomshukia machoni. Aliyesema ni Sombati. Alikuwa ameketi katikati ya kizingiti, mtu hapiti.

“Patel, matanga si yameisha?”

“Yameisha.”

“Nyumba sasa ni safi?”

“Ni safi.”

“Binti anatolewa mlango gani?”

“Wa nyumba aliyozaliwa. Hilo nalo swali?”

Sombati akapiga kizingiti kwa kofi. “Alizaliwa hapa. Nyuma ya ukuta huu, mvua inapiga, Baba Imarti amekwenda kupigwa picha na bwana wa sensa. Mume yule pale, amekaa garini kama mzigo. Mimi mwanangu namtoa leo, kwa mlango huu.” Akaingiza mkono kifuani, akatoa kifundo cha kitambaa. Ndani yake yalikuwa manjano yaliyotwangwa.

Phagu akatambua kwamba mkewe alikuwa amelijua jambo hili tangu ofisini kwa Saheb, na pengine tangu kabla ya hapo. Mumewe alitafuta njia ya kutoka msibani. Sombati alikuwa anatafuta njia ya kurudi kwake.

“Mama, rangi kali hairuhusiwi!” alisema Tiwari.

“Nitampaka ndani ya nguo.”

“Na harusi haikuwemo kwenye masharti!”

“Haikuwemo kwenye yaliyokatazwa. Nimesikiliza yote. Moto, ngoma, pombe, kelele. Kuoa hamkukataza.”

Tiwari akamtazama Daktari. Daktari akamwonyesha saa: jua bado liko juu. Jethu Marskole alikuwa anajikuna shingo.

“Bila ngoma? Bila hata moto? Watu watasema nini? Mke wangu ataniambia nini mimi?”

Tularam alishuka garini upande usioruhusiwa kushukia, akavuka nyasi, akaenda kusimama karibu na Imarti. Imarti akamsogezea bega, kidogo tu.

“Mkeo mwambie umeoza kwenye ukoo wa simbamarara,” alisema Patel. “Kama ana neno, aje aseme na shemeji Gabru.”

Jethu alijitahidi kubaki amenuna, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka Tiwari akamwekea kidole mdomoni. “Haya,” alisema akipangusa macho. “Ozeni. Ozeni kabla sijabadili nia.”

Katikati ya nyumba, pale palipokuwa chumba cha nafaka, ulikuwa umeota mti mchanga wa mmahua. Wakaufanya nguzo ya harusi. Patel alipiga ngoma kwa vidole juu ya tumbo lake mwenyewe. Wanawake waliimba nyimbo za harusi kwa kunong'ona, zile za matusi kwa upande wa bwana harusi, na zikinong'onwa zilikuwa mbaya zaidi, hata Jethu akaziba masikio. Imarti na Tularam wakauzunguka mti wakiwa na nguo za kijani, nao askari wenye bunduki wamewapa mgongo, wanatazama nyasi. Gari la watalii likasimama. Bibi mmoja mwenye kamera ndefu akamwuliza kiongozi wake kama simbamarara pia atatokea.

“Leo wana shughuli ya kifamilia,” kiongozi alijibu.

Kisha Tiwari akapiga honi. Jua lilikuwa limegusa miti, lango linafungwa, kila mtu garini upesi.

Kwetu bibi harusi anapotoka mlangoni kwao hulia. Hata anayempenda mumewe hulia, na wanawake humlilia, na ikiwa hakulia watu humsema. Basi wote wakamgeukia Imarti, wakangoja. Imarti alivuka kizingiti macho makavu. Aliitazama nyumba, akatazama nyasi, akajaribu, hakupata kitu. Alitoka hapo akiwa mgongoni mwa mama yake, hakumbuki hata jiko lilikuwa wapi. Kwao ni kando ya barabara, penye kelele za malori.

Aliyelia ni Sombati. Alikishika kizingiti kwa mikono miwili, akatoa kile kilio cha bibi harusi, kile chenye maneno, cha kuaga ukuta, na kisima, na njia ya kwenda kisimani. Mjane wa zizi akalia vilevile. Patel akalia shambani. Vibibi wenye mashati ya askari wakalia, wakaacha kukumbuka sauti ya chini, na Tiwari mwenye masharti yake alisimama na honi mkononi asiwakemee. Ikabidi Phagu na Daktari wambandue Sombati kidole kimoja kimoja, wambebe mpaka garini.

Imarti aliketi karibu naye. Akakilaza kichwa cha mama yake begani kwake, akawa anampangusa uso na kumbembeleza njia nzima, akimwambia atazoea, si mbali, atakuja kutembea. Sombati akawa anaitikia kwa kichwa kama msichana.

Langoni mlinzi alihesabu magari, akahesabu watu, akahakikisha wametoka wote. Akafunga.